Nani kawaambia salfa ni sadaka?

Nilikuwa Magomeni hapa Mtwara mjini nakunywa kahawa, redio ya mwenye kibanda imefunguliwa hadi mwisho, mara akakaribishwa mchambuzi wa uchumi. Sikumwona, lakini sauti ile ilikuwa imevaa tai. Akasema wakati umefika Serikali ifunge mkanda: ruzuku zipunguzwe, fedha za kaya maskini zitazamwe upya, na mkulima wa korosho azoee kujinunulia mwenyewe salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, kwani vya bure vinalemaza watu. Wazee pale kibarazani wakaguna tu. Mimi nikaungua ulimi.

Vinalemaza! Shangazi yangu kule Newala ameshapita miaka sabini. Ana mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe, na mpaka leo anatoka alfajiri na panga kufyeka chini yake, anakusanya majani mwenyewe ili moto wa jirani usije ukamwingilia. Huyo ndiye aliyelemaa. Aliyefika studio kwa gari la ofisi na mafuta ya ofisi, huyo sasa ndiye anayejitegemea.

Tukumbushane, maana sisi watu wa Kusini tunasifiwa upole hadi inaonekana hatuna kumbukumbu. Korosho ghafi ikisafirishwa nje inakatwa ushuru: asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye zao lenyewe, kwenye pembejeo, miche na utafiti, na asilimia 35 ikaenda Hazina. Juni 2018, kupitia Sheria ya Fedha, mgawo ule ukafutwa, zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa huku, wa CCM na wa upinzani, walipiga kelele Dodoma mpaka sauti zikakauka. Ikapita. Hoja ilikuwa nidhamu ya matumizi: kapu liwe moja.

Haya, kapu likawa moja. Msimu wa 2017/18 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 300,000. Uliofuata tukaporomoka hadi tani 225,000 hivi. Najua, mvua nayo ina lake, na msimu ule ulikuwa na vituko vyake, Serikali ikinunua korosho yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo, wanajeshi wakizibeba, na wakulima wakisubiri uhakiki hadi wakachoka kuuliza. Sidai kwamba salfa ndiyo kila kitu. Ila pembejeo za ruzuku ziliporudi, msimu wa 2024/25 tukavuka tani 500,000. Aliyelemaa anavuna hivyo?

Mkorosho unatoa maua kuanzia Juni, Julai. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa huuzuia, ukiingia, ua linakuwa kama limenyunyiziwa unga wa muhogo, linasinyaa, linadondoka, na ua likidondoka msimu ndio umekwisha. Kupulizia si kazi ya siku moja, unarudia na kurudia mpaka maua yashike. Shangazi hana mashine. Anamlipa kijana mwenye mashine, anamnunulia petroli, anampikia ugali wa mchana. Hizo gharama zote ni zake hata pale salfa inapotolewa bila malipo. Sasa mwongezee mfuko wa kilo 25 kwa bei ya dukani. Mwezi Mei huo, pesa ya korosho ilishaishia kwenye ada na misiba, atakwenda wapi, benki? Atakwenda kwa kangomba, mlanguzi wa korosho. Atachukua elfu hamsini leo, Oktoba atalipa korosho kwa kipimo cha jamaa na kwa bei ya jamaa, na mnada wa chama kikuu cha ushirika atausikia redioni kama matokeo ya mpira. Hazina itaandika kwamba imeokoa fedha. Mwenye kuzivuna ni kangomba.

Tena ruzuku haihitaji hata kukatwa, ikichelewa tu inatosha. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge linapitisha bajeti mwishoni mwa Juni, na fedha zinatoka kadiri makusanyo yanavyoingia. Ubwiri unga haujui kama fungu limetoka au halijatoka. Mwenye uwezo atajinunulia mapema, ya Serikali ikichelewa ataiweka stoo. Mjane atasubiri, na akipewa salfa Septemba ataiweka uvunguni mwa kitanda.

Nakubali, shingo upande, kwamba ruzuku ina wezi. Wapo wakulima hewa ambao mikorosho yao imeota kwenye karatasi. Salfa nyingine tunasikia imevuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Na mwenye ekari mia anapakiwa lori, shangazi anapewa mfuko na maneno mengi. Basi mkamateni mwizi! Mwekeeni mkubwa ukomo! Kumnyima mjane ili mwizi akose pa kuibia, hiyo ni nidhamu gani?

Ya matibabu ya wazee sitaki hata kuyafungua. Sera inasema mzee wa miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bila malipo, bango la kumpisha mzee limeandikwa kwa rangi nzuri, halafu dirishani anaambiwa dawa akanunue nje. Zanzibar wenzetu waliofika miaka 70 wanalipwa pensheni jamii tangu 2016. Huku bara, mzee ambaye hakuwahi kuajiriwa pensheni yake ni watoto, kama wapo na kama wanakumbuka.

Mwaka 2013 tulipouliza habari za gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba tuliambiwa ni mali ya Watanzania wote. Sawa, ni ya wote. Mbona mkanda ukifungwa unaanzia kiuno cha Newala?

Waheshimiwa wabunge wetu, ushuru ule unakatwa kwenye korosho zetu kabla hazijapanda meli. Sehemu yake itengwe kwa sheria kwa ajili ya pembejeo, ya aina ambayo waziri ajaye hawezi kuifuta kwa mstari mmoja. Salfa iwe ghalani ifikapo Aprili, na wenye mikorosho michache wapewe kwanza. Na orodha ya waliopewa ibandikwe ukutani ofisi ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, jina na idadi ya mifuko, tuisome sote. Shangazi hasomi vizuri siku hizi, macho yamechoka, lakini asomewe tu majina: anamjua kila mwenye mikorosho kijijini, na asiye nayo pia.