Kuchangisha kwa majira: tufuate kalenda ya nani?

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na hasa baada ya shirika lake la misaada, USAID, kufunga shughuli zake 1 Julai mwaka huohuo, "rasilimali za ndani" limekuwa neno la vikao vya bodi. Zamani lilikaa ukurasa wa mwisho wa andiko la mradi. Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Asasi iliyozoea kuandika andiko moja na kupata fedha za miaka mitatu sasa inamtafuta mtu wa kawaida, mwenye simu na salio la wastani.

Anayetafuta mawazo hakawii kukutana na orodha zilizotungwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya majira ya kuchipua: andaa mbio za hisani, uza maua, uza miche, fungua gulio la vitu vilivyotolewa makabatini, waite watoto wasake mayai ya Pasaka. Wapo wanaozicheka orodha hizi, na wapo wanaozinakili kama zilivyo, mayai na yote. Kabla ya kuchagua upande, tujiulize kwanza kwa nini huko kwao zinaleta fedha.

Mbio za London, zilizoanza 1981, ni mfano mzuri kwa sababu zinajulikana hata kwetu; Wakenya wamezishinda mara nyingi, na mwaka 2025 bingwa wa wanaume alikuwa Sabastian Sawe. Siku hiyo, 27 Aprili, waliomaliza walizidi 56,000 na michango ya hisani ikapita pauni milioni 87. Ni kweli Aprili baridi imepungua na jua linachelewa kuzama. Lakini fedha zile hazikuletwa na jua. Asasi hununua nafasi za kukimbia mapema, kisha humpa mkimbiaji nafasi kwa ahadi kwamba atakusanya kiasi fulani, aghalabu pauni 2,000 au zaidi. Kuanzia hapo yeye ndiye mchangishaji. Anawabana shangazi zake, wafanyakazi wenzake na majirani kwa miezi kadhaa, huku akiwatumia picha za mazoezi ya alfajiri. Serikali nayo inaongeza: mlipa kodi wa Uingereza akitoa pauni 1, asasi iliyosajiliwa inaruhusiwa kudai peni 25 juu yake. Na kwa kuwa mwaka wa kodi hufungwa 5 Aprili, wenye kipato kikubwa hukumbushwa kutoa kabla ya siku hiyo.

Shirika la Marie Curie, linalohudumia wagonjwa walio katika siku zao za mwisho, limekuwa na kampeni ya ua la dafodili kila Machi tangu 1986. Unachangia, unabandika ua la manjano kifuani. Ua lenyewe huchanua bustanini majira hayohayo, kwa hiyo nusu ya tangazo inafanywa na bustani. Huko majira ni nembo tu. Chini ya nembo kuna mfumo wa kodi, kuna mazoea ya miaka arobaini, na kuna maelfu ya watu waliokubali kuomba kwa niaba ya asasi.

Sasa ulete mpango huo Dar es Salaam. Machi hadi Mei ni masika. Mwaka 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge mwishoni mwa Aprili kwamba mvua na mafuriko vimeua watu 155. Siku chache baadaye, upande wa Kenya, maji yakazoa watu wa Mai Mahiu usiku. Wiki kama hizo mkono wa mtoaji unaelekea kwa waliopoteza nyumba, na ndivyo inavyopasa. Asasi inayokusanya fedha za maktaba ya shule katikati ya hali hiyo itaonekana haina macho.

Waandaaji wenye uzoefu walishaisoma mvua zamani. Mbio za Kilimanjaro pale Moshi huwahi mwishoni mwa Februari. Mbio za Lewa, zinazochangia uhifadhi huko Kenya, hukimbiwa Juni. Changamoto ya kupanda Kilimanjaro inayoendeshwa na mgodi wa dhahabu wa Geita kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI, iliyoanza 2002, hufanyika Julai. Mtu anayeiga kalenda ya London anaweza kudhani hakuna aliyemtangulia, kumbe ratiba yetu ipo, imepangwa kuizunguka masika.

Mfuko nao una majira yake, tena hayafanani kwa wote. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hupata fedha minada inapofunguliwa, kuanzia Oktoba. Aprili yuko kwenye palizi na ghala linaelekea kuisha. Mzazi wa mjini ndiyo kwanza ametoka kwenye ada na sare za Januari. Kuhusu gulio la mitumba, sina mengi: masoko ya Karume na Gikomba yameshaifanya kazi hiyo, kwa bei ambayo asasi haiiwezi.

Kwa hoja hizo, wanaosema tuzitupe orodha wana nguvu. Ila wanasahau jambo moja ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi analijua. Mshindani mkubwa wa asasi katika simu ya Mtanzania si asasi nyingine. Ni kadi ya mchango. Kuna miezi ambayo mfanyakazi mmoja yuko kwenye makundi matano ya WhatsApp, harusi mbili, sendoff, kipaimara na msiba, na kila kundi lina mweka hazina anayebandika orodha ya ahadi kila jioni. Kumwomba mtu huyo shilingi elfu kumi ya kituo cha watoto ni kujiongeza kwenye foleni ndefu.

Kwaresma na Ramadhani foleni hiyo hupungua. Wakatoliki hawapendi kufunga ndoa katika siku 40 za mfungo, na Waislamu wengi huahirisha harusi hadi baada ya Idi. Kwa miaka kadhaa sasa vipindi hivi vimekuwa vikianza katika robo ya kwanza ya mwaka, na mwaka 2026 vilikaribiana kabisa: Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama siku hizohizo. Kadi zimepumzika, mimbari na madhabahu vinahimiza kutoa, na mtu amejiandaa moyoni kujinyima kitu. Ukitaka majira ya kuchangisha yanayofanana na dafodili, yaani ambayo tangazo lake linafanywa na jambo lililopo tayari, ni haya. Waireland wanalijua hili vizuri: sanduku la Kwaresma la shirika la Trócaire limekuwa likiingia majumbani tangu miaka ya 1970, familia inatumbukiza sarafu hadi Pasaka.

Dirisha hili lina masharti, na hapo ndipo naona asasi nyingi zinajikwaa. La kwanza ni kwamba linahama. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida. Ifikapo 2030 itaingia mara mbili katika mwaka mmoja, Januari na Desemba. Bajeti iliyoandikwa "kampeni ya Machi" itabaki peke yake Machi. La pili ni zaka. Zaka ina makundi manane ya wanaostahili, yaliyotajwa katika Sura ya tisa ya Kurani, na mkurugenzi anayetaka kuilipia pango la ofisi au warsha ya hotelini ajue anacheza na amana ya watu. Sadaka ina uwanja mpana zaidi. Asasi ambayo haitenganishi akaunti hizi mbili, hata kama haina nia mbaya, isishangae shehe akiwaambia waumini wapeleke mchele wenyewe kwa jirani.

La tatu ni picha. Mwezi mtukufu mitandao hujaa bibi wa watu wakipokea kilo tano za unga mbele ya bango kubwa kuliko mfuko wa unga. Hili si kosa letu peke yetu, na majira ya kuchipua ya Uingereza yana mkono ndani yake. Machi 2009 watu tisa maarufu wa huko walipanda Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya Comic Relief, shirika la hisani la Uingereza, wakakusanya zaidi ya pauni milioni 3 kupambana na malaria. Fedha zilikuwa za kweli na vyandarua vilikuwa vya kweli. Lakini namna ile ya kusimulia, mgeni analia na mwenyeji ananyamaza, iliendelea hadi Februari 2019, pale mbunge David Lammy alipoikosoa hadharani kufuatia picha za mtangazaji Stacey Dooley akiwa na mtoto nchini Uganda. Oktoba 2020 Comic Relief ikatangaza kwamba haitawatuma tena watu maarufu Afrika kwa ajili ya filamu zake za kuchangisha. Itakuwa ajabu sisi tuokote mtindo ambao wenyewe wameuacha.

Mbio zinahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndizo zinazoigwa kuliko kitu kingine chochote. Kila wikiendi ya kiangazi kuna fulana mpya mjini. Tuseme asasi imeandikisha watu 1,000 kwa TSh 35,000. Jumla ni milioni 35. Toa fulana, medali, maji, gari la wagonjwa, askari wa barabarani, jukwaa, spika na mshereheshaji. Kinachobaki ni kidogo, na asasi inaokolewa na mdhamini. Ndiyo maana mbio zetu zinazofanikiwa zina kampuni kubwa au ofisi kubwa nyuma yake. Benki ya CRDB kupitia mbio zake za Agosti imechangia matibabu ya moyo ya watoto. Kenya, kampeni ya Beyond Zero ya afya ya mama na mtoto, iliyoanzishwa na Margaret Kenyatta, mke wa rais wa wakati huo, Januari 2014, ilikusanya fedha za kliniki tembezi kwa mbio za Machi jijini Nairobi, kisha yeye mwenyewe akaenda kukimbia London Aprili, akamaliza kwa zaidi ya saa saba. Asasi ndogo ya Singida au Kilifi haina mke wa rais wala benki.

Tulichonakili ni fulana. Mchangishaji tumemwacha London. Mkimbiaji wetu analipia kiingilio chake, anapiga picha, anaondoka. Hakuna aliyemwambia akawaombe watu ishirini. Na hili linashangaza, maana kama kuna watu duniani wanaojua kuombana ni sisi: ahadi, mweka hazina, kumbusho la saa mbili usiku, orodha inayosasishwa hadharani ili asiyelipa aone aibu. Kamati ya harusi ingepewa mbio hizi ingefika lengo kabla ya fulana kuchapwa. Mimi ningefuta wakimbiaji mia tisa nikabaki na mia moja waliokubali kila mmoja kukusanya laki mbili kwa Lipa Namba moja inayoonekana na wote. Hiyo ni milioni 20, na fulana za kushona ni mia tu. Anayepinga atasema watu wamechoka kuombwa. Ni kweli wamechoka, hasa na harambee za mgeni rasmi na bahasha. Lakini mtu akiombwa na rafiki anayemjua, kwa jambo analoweza kulifuatilia, uchovu huo hupungua sana.

Miche nayo isidharauliwe. Masika ndiyo majira ya kupanda, na Kenya, iliyojiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, imewahi kutangaza siku za mapumziko kwa kazi hiyo, ikiwemo 10 Mei 2024. Asasi yenye kitalu inaweza kuuza miche ya parachichi, maembe au mivule wakati mtu yuko tayari na jembe. Sharti lake ni mapema: mbegu ziingie kwenye viriba miezi kadhaa kabla, na wanunuzi waandikishwe kabla mvua haijaanza. Mche usiouzwa hutoboa kiriba na kuota palepale, nao mtaji umekwisha.

Vijijini ningeiacha masika kabisa na kusubiri mavuno. Anayesali KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, anaujua mnada wa nje ya kanisa baada ya ibada: mkungu wa ndizi, jogoo, miwa, mayai, kila kitu kinapigiwa bei, na jogoo huuzwa, akarudishwa, akauzwa tena hadi afikishe bei ambayo hakuna sokoni. Asasi isiyo ya dini inaweza kufanya hivyohivyo kwa zahanati ya kijiji mwezi Julai au Agosti. Mtu asiye na fedha taslimu ana debe la mahindi, na anataka kuonekana ametoa.

Wapo watakaosema majira yote haya ni kelele, kwamba asasi makini hujenga wachangiaji wa kila mwezi. Kwa lengo nakubaliana nao. Mshahara wa nesi haungoji Kwaresma. Lakini sijaona mtu akianza kuchangia kila mwezi bila kwanza kuguswa siku moja, na kipato cha wengi wetu, bodaboda, mama lishe, mkulima, hakiji kila tarehe 25. Kumdai mtu wa namna hiyo kiasi kilekile kila mwezi ni kumwiga mlipwa mshahara wa Manchester. Afadhali umwombe mara mbili kwa mwaka, wakati wake, naye ajue tangu mwanzo kuwa ni mara mbili.

Kipimo cha kampeni ningekiweka Septemba badala ya siku ya hafla. Kati ya waliotoa Kwaresma, Ramadhani au kwenye miche, wangapi wametumiwa taarifa ya matumizi kwa lugha wanayoielewa, na wangapi wametoa tena bila kuitwa ukumbini? Namba hiyo ndiyo ningeiomba kwanza kwenye kikao cha bodi, kabla ya jumla ya makusanyo.