Tuzo ya Amani ya Nobel: haraka ya nini?

Upande mmoja wa nishani ya Tuzo ya Amani ya Nobel wamechongwa wanaume watatu walioshikana mabegani, na maneno ya Kilatini yanayosema "kwa ajili ya amani na udugu wa mataifa". Desemba 10, 2019, nishani hiyo alikabidhiwa Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, mjini Oslo, kwa kumaliza uhasama wa miaka ishirini kati ya nchi yake na Eritrea. Hata mwaka haukutimia. Novemba 2020 vita vikazuka Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, na majeshi ya Eritrea, yaani jirani yule yule aliyepatana naye, yakaingia kupigana upande wake. Januari 2022 Kamati ya Nobel ikatoa tamko, jambo ambalo si kawaida yake, ikimkumbusha kwamba yeye, akiwa waziri mkuu na mshindi wa tuzo, ana wajibu wa pekee wa kukomesha mapigano. Zaidi ya hapo haikuwa na la kufanya, kwa kuwa tuzo ikishatolewa hainyang'anywi.

Ndiyo maana kila Oktoba jina jipya linapotangazwa narudi kwenye swali lile lile: hii tuzo ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika, au ni mkono wa kumsukuma mtu mbele?

Alfred Nobel mwenyewe alionekana kutaka ujira. Wasia wake aliutia saini Paris, Novemba 27, 1895, akiwa ameuandika kwa mkono wake bila kumshirikisha mwanasheria. Humo anasema sehemu ya faida ya mali yake apewe mtu aliyefanya kazi kubwa au bora kuliko wengine kwa ajili ya udugu wa mataifa, kufuta au kupunguza majeshi ya kudumu, na kuandaa mikutano ya amani. Kitenzi kiko katika wakati uliopita: aliyefanya. Mchaguaji awe kamati ya watu watano wanaoteuliwa na Bunge la Norway; kwa nini Norway na si Sweden alikozaliwa, wasia hausemi.

Wengi husimulia kwamba mvumbuzi huyu wa baruti kali ya dainamiti alitubu akiwa mzee. Nadhani ukweli ni mzito kuliko hapo. Mdogo wake, Emil, aliuawa na mlipuko mwaka 1864 kwenye kazi hiyo hiyo ya familia, na bado Alfred aliendelea, akasajili dainamiti mwaka 1867. Kwa rafiki yake Bertha von Suttner, mwanaharakati wa amani kutoka Austria, aliwahi kueleza kwamba viwanda vyake huenda vikakomesha vita mapema kuliko mikutano ya kina Bertha: siku majeshi mawili yatakapoweza kuangamizana kwa sekunde moja, mataifa yataogopa na kuyavunja majeshi yao. Karne iliyofuata ilimkatalia vibaya sana. Lakini inaonyesha kwamba hata mwenye tuzo hakuwa na njia moja ya kuifikia amani, na sishangai kwamba wasimamizi wake wamegawanyika tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza kabisa, 1901, waligawana Frédéric Passy, mpigania amani wa Ufaransa, na Henry Dunant, mwasisi wa Msalaba Mwekundu. Bertha hakuridhika na Dunant: kufunga majeraha ya vita, kwake, hakukuwa kuvipinga vita.

Wanaotetea tuzo ya kusukuma wana hoja nzito. Tuzo ya 1935 alipewa Carl von Ossietzky, mwandishi wa habari wa Ujerumani aliyekuwa mfungwa wa Wanazi. Hitler alikasirika hadi akawapiga Wajerumani marufuku kupokea Nobel yoyote. Mwaka 2010 mshindi, Liu Xiaobo, mtetezi wa haki za binadamu, alikuwa gerezani China. Pale Oslo kiliwekwa kiti kitupu, na mwenyekiti wa kamati akailaza nishani na hati juu yake. Watu wakasimama kukipigia makofi. Tuzo haikumfungulia mlango, na Liu alifariki mwaka 2017 akiwa bado chini ya ulinzi, lakini kiti kile kiliwaambia walimwengu jina ambalo serikali yake ilitaka lisahaulike. Hata kwa wanasiasa wakati mwingine imefaa: Nelson Mandela na F. W. de Klerk walipewa mwaka 1993, kabla uchaguzi wa Aprili 1994 haujafanyika na damu ikiwa bado inamwagika. Kazi haikuwa imekwisha, ila ilikwisha vizuri.

Kuna pia kina Wangari Maathai, aliyeshinda mwaka 2004 na kuulizwa miti inahusianaje na amani. Wanaoshika wasia neno kwa neno wanasema kamati imetoka nje ya maagizo. Hapo siko nao. Watu wanagombana na kuuana kwa ajili ya maji na malisho, na Wangari aliliona hilo akiwa na miche mkononi tangu 1977. Alipigwa, akafungwa, akaendelea. Kazi ilikuwa imefanyika kweli, miaka 27 kabla ya nishani.

Tatizo langu ni mtawala aliye madarakani, mwenye jeshi mkononi. Mfungwa akipewa tuzo anapata sauti; mtawala akipewa anapata ngao, na wakosoaji wake wa nyumbani wanapata kazi ngumu zaidi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na sioni kinachoilazimisha kamati iharakishe. Kanuni zinaruhusu kuienzi kazi ya zamani ambayo umuhimu wake umedhihirika karibuni, na zinaruhusu pia kutompa mtu yeyote. Tuzo hii imebaki bila mshindi katika miaka 19, ikiwemo 1948, Gandhi alipouawa na kamati ikasema haikumwona anayestahili miongoni mwa walio hai. Tangu 1972 haijawahi kunyamaza tena.

Mwaka uliofuata, 1973, walitajwa Henry Kissinger wa Marekani na Le Duc Tho wa Vietnam kwa mkataba wa kusitisha vita. Wajumbe wawili wa kamati walijiuzulu. Le Duc Tho aliikataa, akisema amani bado haijafika nchini kwake. Aprili 1975 Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka kwa mtutu wa bunduki, na Kissinger akaomba kuirudisha nishani yake. Kamati ikakataa kuipokea.