Mnadaiwa Kiasi Gani? Wenye Bima Tuambiwe

Juzi nilifungua ripoti ya mwaka ya kampuni inayoniwekea bima ya maisha, nikaisoma mpaka kule nyuma ambako wengi hawafiki. Mbele kuna picha za wakurugenzi, ujumbe wa mwenyekiti na chati za faida. Nyuma kabisa, kwa maandishi madogo, kuna aya moja: kampuni inadaiwa kodi na inalipinga dai hilo, zipo pia kesi nyingine mahakamani zinazotokana na shughuli za kawaida, wakurugenzi, baada ya kupata ushauri wa mawakili, wanaamini kwamba hazitakuwa na athari kubwa. Basi. Hakuna hata shilingi moja iliyotajwa. Hakuna mwaka wala aina ya kodi.

Aya hiyo imeniudhi kwa sababu mimi si mwenye hisa. Mwenye hisa akiisoma na asipoipenda, anampigia dalali wake simu na kuuza hisa zake kwenye Soko la Hisa la Nairobi siku hiyo hiyo. Mwenye bima ya maisha aende wapi? Nimejifunga kwa mkataba wa miaka mingi. Nikiuvunja katika miaka ya mwanzo naondoka mikono mitupu; nikiuvunja baadaye narudishiwa pungufu. Bonasi yangu inatokana na ziada ambayo aktuari, yaani mtaalamu wa hesabu za bima, huipata akishazipiga hesabu za mfuko wa bima ya maisha, na kila gharama inayoingizwa kwenye mfuko huo inaila ziada hiyo. Kwa hiyo nikiuliza kampuni inadaiwa nini na KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, naulizia akiba ya watoto wangu.

Chukua kodi ya zuio kwenye kamisheni, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kabla hajamkabidhi mlipwaji pesa yake. Kampuni inatakiwa kukata asilimia 10 ya kamisheni ya wakala, na asilimia 5 ikiwa ni dalali wa bima. Isipokata, KRA haitahangaika kumsaka wakala mmoja mmoja vijijini, itaidai kampuni. Sasa fikiria mawakala wote, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka 5 ambayo KRA inaruhusiwa kurudi nyuma na kukagua, na hata zaidi ya hapo ikidai kulikuwa na udanganyifu. Juu yake weka riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Deni la shilingi milioni 100 likibishaniwa kwa miaka 5 huwa limezaa riba ya milioni 60, kabla adhabu haijahesabiwa. Na ubishi wa kodi haumaliziki haraka: siku 30 za kuweka pingamizi, siku 60 za KRA kujibu, kisha Baraza la Rufaa za Kodi, kisha Mahakama Kuu, na ukipenda Mahakama ya Rufaa. Mkataba wangu unaweza kukomaa kesi ikiwa bado kortini.

Wahasibu watanijibu kwamba kanuni zimefuatwa, na kwa kiasi fulani wana haki. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 37, kinasema deni ambalo uwezekano wa kulilipa ni mkubwa kuliko wa kutolilipa litengewe fedha. Lenye uwezekano mdogo kuliko huo lielezwe tu. Ambalo uwezekano wa kulilipa ni mdogo mno linyamaziwe. Tena kinaruhusu, katika hali za nadra sana, kampuni ifiche maelezo yanayoweza kuiharibia kesi. Nakubali hilo. Hakuna wakili atakayetaka mpinzani ajue kwamba mteja wake ameshatenga nusu ya kiasi kinachodaiwa.

Lakini kiasi kinachodaiwa chenyewe ni siri kwa nani? KRA ndiyo iliyoandika barua ya makadirio. Inajua kila senti inayodai, ni ya kodi gani na ya mwaka upi. Kesi ikishaamuliwa na Baraza, uamuzi unawekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, na mtu yeyote mwenye simu anausoma bure. Mpinzani anajua, mawakili wanajua, wakaguzi wa hesabu wanajua, hata mpita njia atakuja kujua. Anayeachwa gizani ni yule anayekatwa malipo ya bima kila mwisho wa mwezi. Hili siwezi kulikubali hata kidogo.

Nimeambiwa nisiwe na wasiwasi kwa sababu Sheria ya Bima inautenga mfuko wa maisha na biashara nyingine za kampuni. Ni kweli, na ni kinga nzuri. Ila faini na riba za makosa ya biashara hiyo hiyo ya maisha zinabebwa na nani, mfuko au wenye hisa? Mimi sikuzembea kukata kodi ya wakala yeyote. Serikali ilipotoa msamaha wa riba na adhabu kwa waliolipa kodi ya msingi kufikia 30 Juni 2024, je, kampuni yangu iliutumia? Ripoti haisemi.

Nafuu yangu mimi ya kodi kwa kulipa bima, asilimia 15 isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi, inaonekana kwenye hati yangu ya mshahara mpaka senti ya mwisho. Mwajiri akikosea, KRA inaona. Yangu yako wazi hivyo; ya kampuni ndiyo yanayofichwa.

Nimempigia wakala wangu. Ni kijana mwenye adabu, tunafahamiana na mamake. "Mama, hayo ni mambo ya ofisi kuu, hata sisi hatuambiwi." Namwamini. Kwa hiyo nimeiandikia ofisi kuu, nakala kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, nikiomba jedwali moja tu: aina ya kodi, miaka inayohusika, kiasi kinachodaiwa pamoja na riba, kesi imefika ngazi gani, na gharama itatoka mfuko upi ikishindwa. Liwekwe pia kwenye hesabu fupi zinazochapishwa magazetini, maana huko hata ile aya ya maandishi madogo haipo. Wewe mwenye mkataba kama wangu, andika barua yako pia, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote, na uwadai wakujibu kwa maandishi.