Ukifika Marekani usikimbilie kadi ya duka

Mtanzania akihamia hapa Columbus, Ohio, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuchukua kadi ya duka, yaani kadi ya mkopo inayotolewa na duka, ili ajenge historia ya mikopo. Ushauri huo una ukweli. Maduka humkubali mgeni asiye na rekodi kwa urahisi kuliko benki nyingi, na akilipa kwa wakati taarifa zake hufika Equifax, Experian au TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo za watu. Ila ukitolewa bila maelezo unaumiza watu wetu, na nimechoka kuona wakiumia.

Sisi tumekulia deni la daftari. Mangi anakuandikia unga kilo mbili na mafuta ya kupima kwa sababu anajua unapokaa na mama yako ni nani. Ukikwama, mnazungumza. Asiyekopa kabisa ndiyo kwanza anaheshimika. Huku asiyekopa hajulikani. Umelipa kodi Sinza miaka yote, tena miezi sita kwa mkupuo, na hisa za kikoba hukuwahi kuzikosa. Siku ukiomba apatimenti, meneja anafungua kompyuta, hakuoni, anadai amana kubwa au anakukataa. Naona ni uonevu. Lakini kodi ya nyumba, mkopo wa gari, hata bima ya gari katika majimbo mengi, vyote vinaiangalia hiyo rekodi, kwa hiyo lazima uijenge.

Sasa tazama kadi inavyouzwa. Uko kaunta na jaketi la baridi la mtoto. Keshia anauliza kama unataka punguzo la asilimia 20 leo. Unabonyeza namba yako ya Social Security, ile ya utambulisho inayotolewa na serikali, kwenye kimashine, foleni iko nyuma yako, na muda si mrefu umekubaliwa kukopa hadi dola 400. Riba hakuna aliyekusomea, na kwenye kadi nyingi za maduka imepita asilimia 30 kwa mwaka. Ukizitumia zote, mwezi mmoja riba ni kama dola 10. Ukilipa dola 25, deni limepungua 15 tu. Halafu kadi iliyojaa hivyo inashusha alama zako, zile namba zinazoonyesha unavyoaminika kukopeshwa, hata kama hujachelewa kulipa. Kausha damu ya nyumbani tunaiogopa kwa sababu mkopeshaji anakuja kubeba TV sebuleni. Hii haina anayebisha hodi, ndiyo maana watu wanajiachia.

Mbaya zaidi ni ile ya fanicha, "bila riba miezi 12". Dada mmoja ninayesali naye alichukua kochi la dola 1,200, akalipa kwa uaminifu kila mwezi, muda ukaisha akiwa amebakiza dola 40. Akapigwa riba ya tangu siku ya kwanza. Mkataba ndivyo ulivyosema, kwa maandishi madogo. Kwangu huo ni mtego.

Mimi namwelekeza mgeni kwenye kredit yunioni, ambazo ndizo SACCOS za huku. Aombe kadi ya dhamana: anaweka dola 200 zake, anaruhusiwa kutumia kiasi hicho. Ajaze mafuta ya gari kidogo, alipe bili yote kabla ya tarehe. Kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35 ya alama za FICO, ambazo wakopeshaji wengi huzitazama, na baada ya kama miezi sita alama zinaanza kuonekana. Akichelewa siku 30, doa linakaa miaka saba.

Kadi ya duka achukue moja tu, ya pale anaponunua mahitaji ya kila siku, wala asiombe tatu Jumamosi moja kwa ajili ya punguzo, maana kila ombi linaandikwa na kukaa kwenye rekodi miaka miwili.

Na sisi wenyeji tunaowapokea uwanja wa ndege, tunaowapikia ugali na kuwatafutia kazi ghalani, tuwapeleke na kredit yunioni. Tukae nao wafungue bili ya kwanza, tuwaonyeshe tarehe ya mwisho iko wapi na kiwango cha chini cha kulipa ni kipi, kabla keshia hajawauliza kuhusu punguzo.