Ufunguo wa kibubu ukae kwa nani?

Kibubu cha mbao hakina mlango. Kina tundu la kupenyeza noti iliyokunjwa, na siku ya kutoa hela unakivunja. Mtu anakinunua ili kimzuie yeye mwenyewe. Kwa uchumi wa vitabuni hilo ni jambo gumu kulieleza, maana shilingi elfu kumi ni ileile iwe mfukoni, kwenye simu au kibubuni, na kujinyima njia ya kuifikia ni hasara tupu. Uchumi wa kitabia, unaochunguza jinsi watu wanavyoamua kweli kuhusu hela, unaona kitu kingine. Richard Thaler, aliyepata Nobel ya uchumi 2017, alionyesha kwamba watu hupanga fedha kwa mafungu kichwani, hela ya kodi mbali na hela ya kula, na hela iliyokwisha kupewa jina haiguswi kirahisi. Tena matamanio ya leo huishinda mipango ya mwezi ujao, hata kwa mtu anayejua hesabu vizuri.

Hapo wote wanakubaliana. Ubishi ni juu ya ukali wa kufuli.

Wanaotetea kufuli gumu wana ushahidi wa Ufilipino. Benki moja ya kisiwa cha Mindanao iliwapa wateja wake 710 nafasi ya kufungua akaunti isiyotoa fedha mpaka ifike tarehe au kiasi alichojipangia mteja mwenyewe, kwa riba ileile ya akaunti ya kawaida. Walioikubali ni 202. Hata hivyo, baada ya miezi 12 akiba ya kundi zima lililopewa nafasi hiyo ilikuwa imekua kwa pointi za asilimia 81 zaidi ya kundi ambalo halikupewa.

Ushahidi wa upande wa pili unatoka magharibi mwa Kenya, nao ndio unaonishawishi zaidi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio na wanachama wa vikundi 113 vya upatu, kila mtu akitaja lengo lake la afya, mfano kununua chandarua. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wake. Wengine walipewa sanduku lilelile, lakini ufunguo ukabaki kwa afisa wa mradi hadi lengo litimie. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalikuwa kinyume cha matarajio ya wengi. Sanduku ambalo mtu alishika ufunguo mwenyewe liliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa takriban asilimia 66, na lile la ufunguo wa afisa halikuleta tofauti ya maana.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuuguliwa usiku. Hela iliyofungwa kwa ajili ya chandarua haimpeleki zahanati mtoto mwenye homa, kwa hiyo watu waliogopa kuweka nyingi humo. Sanduku ambalo mtu alishika ufunguo mwenyewe liliwapa mahali pa kutenga hela na jibu la kumpa anayekuja kuazima.

Lakini utafiti huohuo unawapa hoja watetezi wa kufuli. Wale ambao matamanio ya leo huwashinda nguvu hawakusaidiwa na sanduku lenye ufunguo mkononi mwao. Kilichowasaidia ni chungu cha pamoja ndani ya kikundi, ambako wenzako wanajua umeweka kwa ajili gani na wanakungoja siku ya zamu.

Ndiyo maana naona sanduku la vikundi vya kuweka na kukopa limepangwa kwa busara kuliko bidhaa nyingi za benki. Lina makufuli matatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu, ambao hakuna kati yao anayelitunza sanduku. Hisa, yaani akiba ya wanachama, zinafungwa hadi mgawo wa mwisho wa mzunguko, kwa kawaida miezi 9 hadi 12. Pembeni kuna mfuko wa jamii, mchango mdogo wa kila kikao, kwa ugonjwa na msiba. Fungu moja gumu, jingine laini.

Penye hisa peke yake bila mfuko huo, mwanachama akipatwa na dharura hukimbilia mkopo wa simu. Tuseme amefungia shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka: anapata 500 kwa mwezi. Akikopa 50,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, analipa 5,000. Kufuli limemgharimu mara kumi ya faida yake.

Kosa jingine ni la kalenda. Vikundi vingi huvunja mzunguko Desemba, kabla ya Krismasi, ilhali ada na sare zinasubiri Januari. Hela iliyolindwa mwaka mzima inaachwa wazi kwa wiki tatu zenye vishawishi kuliko zote. Wanaoweka kwa ajili ya shule wahamishie mgawo kwenye wiki ya kwanza ya Januari, na sikukuu waitengee fungu lake dogo.