Maji ya Mwanza: kazi iko mlimani

Mgeni akifika Mwanza hachelewi kuuliza: ziwa lote hili, mnakosaje maji? Swali ni la haki, na jibu tunalopewa kila mara ni mtambo mwingine. Tulikuwa na mtambo wa Capripoint, lita milioni 90 kwa siku. Kikaja chanzo cha Butimba, lita milioni 48. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja katika wilaya zetu mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja, na nyumba zinazidi kuota kuelekea Buhongwa na Kisesa, kwa hiyo Butimba ilihitajika. Hilo sibishi. Ninachobisha ni hii tabia ya kuhesabu lita zinazotoka mtamboni na kuziita huduma.

Mtambo wenyewe si fumbo. Maji yanavutwa ziwani, mbali na ufukwe ili kukwepa tope na mwani, yanatiwa dawa ya kugandisha uchafu, yanatulizwa, yanachujwa kwa mchanga, yanawekwa klorini. Kazi hiyo wahandisi wanaifahamu tangu enzi za babu zetu.

Kazi ngumu ni mlima. Kupandisha lita 1,000 mita 100 juu kunakula, ukihesabu na upotevu wa pampu, karibu uniti 0.4 za umeme. Jaribu kupandisha hivyo lita zote milioni 48 za Butimba: ni zaidi ya uniti 18,000 kila siku, na bili haisubiri. Halafu kuna presha. Kila mita 10 za kimo maji yanachoshuka huongeza bar moja, kipimo cha presha. Ukijenga tenki moja juu kabisa na kulifungulia mtaa wote, aliye mita 100 chini anapokea bar 10: mabomba yanapasuka, maji yanamwagika barabarani, na wa juu wanabaki na ndoo. Ndiyo maana mji wa milima unataka matenki ya ngazi kwa ngazi, kila kimo na eneo lake, pampu zake na valvu zake. Huo ni mji wa pili wa mabomba chini ya ule tunaouona, na ndio unaomeza pesa.

Tatizo ni kwamba mji huo haupigwi picha. Mtambo una geti, jiwe la msingi na mahali pa kukatia utepe. Bomba la inchi nne lililofukiwa kwenye miamba ya Mabatini lina nini? (Labda tuanze kuzindua valvu.)

Ningependa mkataba wa chanzo chochote kipya usisainiwe peke yake. Matenki, pampu na mabomba ya mitaani viwe ndani ya kazi ileile, kwa tarehe ileile, na mchoro uanzie kwenye nyumba ya juu kabisa ya mlima wa Isamilo, ushuke hadi ziwani.

Wanaosema vichochoro vyetu vya mlimani havipitishi mabomba watembelee Igogo au Mabatini. Huko mabomba membamba ya majitaka yamelazwa katikati ya mawe, nyumba kwa nyumba, mahali ambapo gari la kunyonya vyoo halifiki. Vipimo vya njia hizo vipo. Vitolewe kabatini kabla hatujaanza kutafutiwa kiwanja cha mtambo wa tatu.