Polisi wakali zaidi, je askari anakuwa salama zaidi?

Uhalifu ukipanda kidogo tu ubishi unaanza, huyu anasema polisi wamefungwa mikono waachiwe wafanye kazi, yule anasema polisi ndo tatizo lenyewe. Kinachoniuma ni kwamba pande zote zinabishana kwa hisia wakati haya mambo yameshafanyiwa majaribio zaidi ya miaka 50 sasa.

Kansas City, Marekani, 1972. Walichukua maeneo 15 ya doria, matano doria ikaondolewa askari wanaingia wakiitwa tu, matano yakabaki kama kawaida, matano wakaongeza magari mara mbili hadi tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa maana, na wananchi wengi hata hawakushtuka kama kuna kitu kimebadilika! Yaani gari kuzunguka zunguka tu ni kuchoma mafuta.

Ila usikimbilie kusema doria haisaidii. Minneapolis, mji mwingine wa Marekani, waligundua nusu ya simu za kuita polisi zinatoka kwenye asilimia 3 tu ya anwani, wakawapeleka askari kwenye kona korofi zenyewe, simu za uhalifu zikapungua kwa asilimia 6 hadi 13. Sio nyingi, lakini ni kweli.

Sasa akishafika pale kwenye kona afanye nini, hapo ndo penye mgogoro. New York mwaka 2011 polisi walisimamisha watu mitaani kuwahoji na kuwapekua mara 685,000 hivi, na karibu 9 kati ya 10 waliachiwa hawana kosa. Hadi mahakama inatoa hukumu ya 2013 kwamba zoezi hilo linakiuka katiba, lilikuwa limeshaporomoka, na wimbi la mauaji lililotabiriwa halikuja. Lakini wanaotetea ukali nao wana hoja, Kansas City hiyohiyo miaka ya 1992-93 doria maalum ya kusaka bunduki kwenye eneo moja ilienda sambamba na uhalifu wa bunduki kushuka asilimia 49. Tofauti ninayoiona mimi ni kulenga, Kansas City walivua na ndoano, New York walitupa nyavu mtaa mzima.

Na askari mwenyewe? Mtu kashika kisu anapiga kelele, mafunzo ya zamani yanamwambia askari asogee amdhibiti haraka. Louisville, Marekani hukohuko, waliwafundisha kinyume, rudi nyuma, simama nyuma ya mlango wa gari, ongea naye, vuta muda. Askari wengi huwa wanapinga wakisema ukisita sekunde moja umekufa, na hofu hiyo siidharau hata kidogo, wao ndo wanaokutana na kisu. Ila matokeo yalionyesha matumizi ya nguvu yameshuka asilimia 28, raia kuumia asilimia 26, na askari kuumia asilimia 36. Aliyefaidika zaidi ni askari!

Kamera za kifuani ndo bado zinanichanganya, utafiti wa 2016 uliojumuisha majaribio 10 ulikuta askari waliovaa wakiripoti kushambuliwa zaidi kwa asilimia 15. Inawezekana kamera inawachokoza watu, inawezekana pia askari mwenye ushahidi wa video haoni tena aibu kuripoti kwamba kapigwa, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa.